Gurudumu la Nyuma Kushoto

Yadi ya mafundi iliyo chini ya mtaa wa Majengo, mjini Nyeri, ina sheria moja ambayo haijaandikwa popote na ambayo hakuna anayethubutu kuivunja. Gari likitengenezwa, likatoka, kisha likarudi na madhara, halifunguliwi kimyakimya. Hufunguliwa na fundi yuleyule, mchana kweupe, wenzake wote wamesimama wakitazama, na mwenye gari au mtu wake akiwa ndani, mguu juu ya pedali. Ikionekana kosa si la fundi, watu hurudi kwenye shughuli zao. Ikionekana ni lake, hukusanya spana zake na kibanda chake hupewa mwingine. Ni sheria nzuri kwa kila mtu isipokuwa yule aliyelala chini ya gari.

Jumamosi hiyo aliyelala chini ya gari alikuwa Ayub. Kwa miaka kumi na tisa alitengeneza breki katika yadi hiyo, breki tu, hagusi injini wala giaboksi, na watu walimletea magari kutoka Karatina, Murang'a, hata Doldol kwa wauza mbuzi. Sasa mgongo wake ulikuwa juu ya kipande cha katoni, katoni juu ya matope, na pembeni ya uso wake aliona viatu vya wenzake. Alivijua vyote. Buti za mpira zilizosogea karibu kuliko nyingine zilikuwa za Hezekiah, mchomeleaji, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akikitamani kibanda cha Ayub kwa sababu hakivuji. Viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi vilikuwa vya mzee Wambugu, mwenyekiti wa yadi, aliyewahi kuendesha malori miaka thelathini kabla ya kuchoka.

Juu yake, kwenye usukani, aliketi Nduta, ambaye watu humwita Mama Kabura. Pikapu ilikuwa ya mumewe, Nderitu. Nderitu mwenyewe alikataa kuja, alisema akimwona Ayub tena atafungwa jela.

Kwa wasioijua kazi hii, ni hivi. Hewa ikiingia kwenye mabomba ya breki, pedali hulegea kama godoro la zamani, kwa sababu mafuta hayabonyei lakini hewa hubonyea. Kuitoa kunataka watu wawili. Mmoja hukaa ndani, hupiga pedali mara tatu nne, kisha huishikilia chini. Mwingine hufungua nati ndogo kwenye gurudumu, mafuta na hewa vikatoka kupitia kimpira hadi kwenye chupa, halafu huifunga. Wa ndani haruhusiwi kuachilia kabla nati haijafungwa. Akiachilia, mabomba huvuta hewa upya na kazi yote inakuwa bure. Kwa muda ule mfupi wote wawili wamefungwa, mmoja kwa mguu na mwingine kwa mkono, na hakuna anayeweza kwenda popote bila mwenziwe.

Lakini Ayub alikuwa amefungwa na jambo jingine, na hilo hakuna aliyelijua.

Wiki tatu nyuma, siku ya Ijumaa, Nderitu alileta pikapu ikivuja mafuta kwenye gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Ayub akabadilisha silinda ya gurudumu hilo, kisha akataka kutoa hewa. Kanuni ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi, nalo ni hilohilo la nyuma kushoto. Ila lilikuwa na kiburi. Mafuta yalitoka tone, kisha tone, kama pua ya mtoto mwenye mafua. Ayub akasema moyoni atalirudia mwisho, akaifunga nati, akahamia mengine matatu. Alipoyamaliza, mvua ilikuwa inanyesha, adhana ya Ijumaa imekwishalia, na Nderitu, aliyeacha parachichi zikiiva Gakindu, anatazama saa kila dakika. Ayub akaingia ndani, akapiga pedali mwenyewe, akaiona imesimama vya kutosha. Nderitu akauliza kama magurudumu yote manne yako sawa.

Yote manne, Ayub akajibu.

Tusiisingizie swala. Angeweza kumwambia Nderitu asubiri, akaenda msikitini, akarudi akamaliza. Muda ulikuwepo. Alichokosa ni uso wa kumwambia mteja mwenye haraka kwamba kazi bado. Wahenga walishamaliza maneno kuhusu haraka, sina la kuongeza.

Kesho yake Nderitu alitoka Gakindu na magunia ya parachichi nyuma, na kando yake mama yake, Watiri, aliyekuwa anakwenda mjini kupimwa macho. Kwenye mteremko wa kabla ya daraja pedali ikashuka hadi chini kabisa. Nderitu ni dereva. Alilipeleka gari kwenye ukingo wa udongo badala ya kuliacha liende mtoni. Yeye akatoka na mikwaruzo. Mama yake, mwenye miaka sabini na miwili, akavunjika paja.

Jumatatu Nderitu alikuja yadini akamkunja Ayub shati mbele ya watu wote, na mbele ya watu hao hao Ayub akasema kazi aliimaliza. Neno likishasemwa hivyo halina mlango wa kutokea. Nyumbani alimwambia mkewe, Kibibi, maneno yaleyale, na Kibibi akayachukua akatoka nayo mtaani. Alimtetea kisimani, alimtetea dukani, akakosana na majirani wawili kwa ajili yake. Kila Ayub alipotaka kumwambia ukweli alimkuta yuko katikati ya kumtetea. Hilo lilimbana kuliko mkono wa Nderitu.

Na sasa hapa yupo. Pikapu ilikuwa imeinuliwa juu ya mawe, magurudumu ya nyuma yakining'inia, kama wanavyofanya wote katika yadi hiyo ili kuyakimbia matope.

"Pampu," Ayub akaita. "Pampu. Pampu. Shika."

"Nimeshika," Nduta akajibu kutoka juu.

Ayub akafungua nati. Tone moja likatoka, likafikiri, likaanguka. La pili halikuja. Akafunga, akaita tena, wakarudia mara nne, na kila mara ikawa vilevile. Jasho likamtoka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Hezekiah akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba labda silinda iliyowekwa ilikuwa mbovu, au aliyeiweka. Watu wawili wakacheka.

Mzee Wambugu hakucheka. Alikuwa anazunguka pikapu polepole. Akaamuru mawe yatolewe na gari lishushwe chini. Liliposhushwa, bado mkia wake ulibaki juu, kama bata anayekunywa maji. Mzee akachuchumaa kwa shida, mkono kwenye goti, akahesabu vyuma vya springi kimoja kimoja.

"Nani aliongeza hizi springi?" akauliza.

Nduta akasema ni mumewe. Alikwenda Karatina mwaka jana akaongezewa vyuma vitatu kila upande, ili gari libebe magunia mengi bila kulala. Nusu ya pikapu za eneo lile zimefanyiwa hivyo, na wenye nazo hujisifu.

Wambugu akawaeleza, naye alipenda kueleza. Juu ya ekseli ya nyuma kuna valvu yenye mkono mdogo wa chuma, na kazi yake ni kupima mzigo. Mkia ukishuka, inajua gari limebeba, inafungua njia ya mafuta hadi breki za nyuma. Mkia ukiwa juu, inadhani gari ni tupu, inabana. Sasa mwenye gari ameweka vyuma, mkia haushuki hata akibeba tani nzima, na valvu imekuwa ikidanganywa mwaka mzima. Halafu na wao mafundi, kwa kuogopa matope, wanaliinua gari magurudumu yaning'inie, wanaibana zaidi, kisha wanashangaa mafuta hayatoki.

"Hii gari imekuwa ikishikwa na breki ya mbele peke yake, mteremkoni ikachemka, pedali ikaenda chini," Wambugu akasema. "Hapo hata ungeleta fundi wa ndege. Ayub hana makosa."

Yadi yote ikapumua. Mtu akampiga Ayub bega. Hezekiah akamnyooshea mkono wa kumwinua kutoka kwenye matope, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Ayub akasimama, na hebu tuseme ukweli, alifurahi. Kisha akakumbuka lile tone la Ijumaa. Gurudumu lilikuwa limemwambia wazi kwamba kuna kitu, naye alilifunga mdomo akaenda zake. Springi zilikuwa kweli. Lakini zilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya pili ilikuwa mdomoni mwake yeye peke yake.

Nduta akashuka garini, akaja mbele yake, akakiweka kitambaa chake cha kichwa vizuri kabla ya kusema.

"Fundi, tulikukosea. Mzee wangu alikushika shati mbele ya watu. Mimi nakuomba msamaha, na yeye atakuja mwenyewe."

"Hakuna neno, Mama Kabura," Ayub akasema. Alisikia sauti yake ikitoka laini na ya kiungwana, akaichukia.

Nduta akaenda hadi kwenye uzio akampigia mumewe simu. Alizungumza Kikuyu, na Ayub, aliyezaliwa Nyeri na babake akazaliwa Nyeri, alilielewa kila neno. Alimweleza habari ya springi, na ya valvu, na kwamba fundi hana hatia. Kisha akasikiliza. Aliporudi, simu ilikuwa bado mkononi na uso wake umebadilika.

Wambugu akamuuliza mume amesemaje.

"Amesema kumbe ni yeye amevunja mama yake." Akaitazama simu. "Tangu ajali, kitu ilikuwa inamsimamisha ni hasira kwa fundi. Sasa amekata simu. Sijui kama ataingia kwa chumba ya mama tena."

Mchuma janga hula na wa kwao, fundi mmoja akasema nyuma, na wengine wakaitikia. Ayub akaona jinsi jambo lilivyokwisha gawanywa. Nderitu amepewa hatia yote, yeye amepewa mkono wa Hezekiah. Kusema sasa kungekuwa kuurudisha mkono huo, pamoja na kibanda, pamoja na ugomvi wote wa Kibibi. Kunyamaza hakukuhitaji kufanya chochote. Kungemtaka tu akae alivyo, leo, na kesho, na kila siku itakapopita pikapu ya mtu wa Gakindu.

Ilibaki kumaliza kazi. Wambugu akasema dawa ni uzito, watu wapande nyuma, mkia ushuke, valvu ifunguke. Wakapanda wanaume wanane, Hezekiah na buti zake wa kwanza, wakisukumana na kutaniana nani kala ugali mwingi. Pikapu ikashuka ikilia. Nduta akarudi kwenye usukani. Ayub akajivuta tena chini, nafasi ikiwa ndogo kuliko mwanzo, chuma cha fremu karibu kabisa na kifua chake na wanaume wanane juu ya chuma. Hakuweza kugeuka. Aliweza kunyoosha mkono mmoja tu, hadi kwenye nati.

"Pampu. Pampu. Pampu. Shika."

"Nimeshika."

Akafungua. Mafuta yakaruka ndani ya kimpira kwa nguvu, na pamoja nayo hewa. Haikuwa mapovu mawili matatu yanayobaki kona. Ilikuwa hewa tupu, ndefu, kisha mafuta kidogo, kisha hewa tena, silinda nzima ambayo haijawahi kutolewa hewa tangu siku iliyowekwa. Fundi yeyote ambaye angeitazama chupa ile angejua palepale. Lakini hakuna aliyeitazama. Viatu vyote vilikuwa vimepanda juu. Alichotakiwa ni kufunga nati, kuita tena mara chache, kumwaga chupa kwenye mtaro, na kwenda kunywa chai.

Akafikiri juu ya mtu aliyekaa Gakindu na simu iliyokatwa.

"Mama Kabura," akasema. "Usiachilie."

"Sijaachilia."

"Siku ile gurudumu hili sikulitoa hewa. Lilinisumbua nikaliacha. Mzee wako aliniuliza nikamwambia yote manne. Yalikuwa matatu."

Juu, mtu aliyekuwa akicheka akakatiza kicheko. Buti ikasogea kwenye bati, kisha zote zikatulia. Nati ilikuwa wazi bado, na mkono wa Ayub juu yake haukusonga. Kama Nduta angeinua mguu, na nani angemlaumu, hewa yote ingerudi ndani. Ayub alisikia moyo wake ukigonga dhidi ya fremu. Hakuwa na mahali pa kwenda.

"Funga nati, fundi," Nduta akasema mwishowe.

Akafunga. "Nimefunga. Achilia."

Pedali haikurudi mara moja. Nduta aliishikilia chini muda mrefu zaidi, akiwa hana sababu ya kuishikilia. Kisha Ayub akasikia imerudi.

"Haya," akasema Nduta. "Endelea."

Wakaendelea. Mara kumi na moja walifanya hivyo, pampu, shika, nimeshika, achilia, bila neno jingine kati yao, hadi mafuta yakatoka safi bila povu hata moja. Wale wanane wakashuka mmoja mmoja bila kutaniana. Wambugu akaingia ndani akaipiga pedali kwa mkono, ikawa ngumu kama jiwe. Akatoka, akajifuta vidole.

"Springi ni zake," akamwambia Ayub. "Hewa ni yako. Sheria unaijua."

Ayub akasema anaijua. Hezekiah, ambaye sasa kibanda kilikuwa chake akikitaka, alikuwa akitazama matope. Wambugu akamwonya Nduta asibebe chochote hadi vyuma vile vitolewe, aende tupu na aende pole. Ayub akaanza kukusanya spana zake kwenye ndoo, lakini Nduta alikuwa amezunguka gari, ameufungua mlango wa abiria.

"Ingia," akasema.

Ayub alidhani anataka wayajaribu breki mjini. Akaingia na nguo zake za grisi. Nduta akaufunga mlango kwa nje kwa kuusukuma na nyonga, kwa sababu tangu ajali mlango huo haufunguki kwa ndani. Wakatoka yadini, wakafika barabara kuu, naye akashika njia ya Mukurweini, ya kwenda Gakindu.

Mji ulipobaki nyuma ndipo akasema. "Mimi siwezi kumwambia. Nikimwambia mimi, ataona namfariji. Ataisikia kwa mdomo yako."

Ayub akajibu sawa. Mkono wake wenyewe ulitafuta komeo la mlango, bila kuambiwa, ukakuta tundu tupu. Alitaka kumpigia Kibibi kabla habari hazijafika Majengo, akaitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Pande zote ilikuwa kahawa na migomba, watu wakitoka sokoni na vikapu, wengine wakimpungia Nduta mkono. Kwenye mteremko wa daraja Nduta akakanyaga breki, na pikapu ikatii, ikashuka polepole kama mzee mwenye fimbo. Ukingo wa udongo ulikuwa bado na jeraha jekundu. Wote wawili waliliona.

Nderitu walimkuta uani, ameketi juu ya debe, ameupa mgongo mlango wa nyumba ya mama yake. Alipomwona Ayub nyuma ya kioo alisimama. Nduta akamfungulia Ayub mlango, na Ayub akashuka akasema yote hapohapo, gurudumu, tone, mvua, na lile neno yote manne. Alingoja ngumi. Angeipokea kwa shukrani. Nderitu alisimama mikono ikining'inia, na kilichomtoka kilikuwa pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa nusu ya gunia.

"Kamwambie mama," akasema.

Watiri alikuwa amelala kando ya dirisha, paja limefungwa, blanketi hadi kifuani. Ayub akapiga magoti kando ya kitanda kwa sababu hakuna kiti alichoona kinamfaa. Nderitu alikuja nyuma yake, akasita mlangoni, kisha akaingia, akaketi miguuni pa mama yake. Ayub akarudia maneno yale mara ya tatu siku hiyo, na ya tatu ilikuwa ngumu kuliko zote. Watiri alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kutosha.

"Hiyo gurudumu," akauliza, "uliacha kwa nini?"

Ayub akasema mvua ilinyesha, mteja alikuwa na haraka, na saa ya swala ilikuwa imefika.

"Na ulienda kuomba?"

"Nilienda, mama."

"Uliomba nini?"

Angeweza kusema chochote. Msikitini hakuna aliyekuwa kifuani mwake. Alitazama mikono yake myeusi juu ya blanketi safi la mwanamke yule, akaiondoa.

"Niliomba kazi," akasema. "Nilimwomba Mungu aniletee magari."

Watiri akakitazama kidirisha, na ile pikapu iliyoegeshwa nje.

"Ulipewa," akasema. "Yetu si ilirudi."